Korongo Aliyeyapa Maji Mgongo

Kwa miaka hamsini korongo wa nembo ya jiji alisimama ameyapa maji mgongo, na kwa miaka hamsini Mzee Mstari aliwaeleza watu sababu yake.

Jina hilo la Mstari alibandikwa na wenzake wa karakana ya manispaa enzi za ujana wake, kwa kuwa aliweza kupiga mstari wa hatua tatu ukutani bila rula wala kamba. Alibana pumzi, akatembea kiubavu kama kaa, brashi mkononi, na mstari ukatoka umenyooka hata ukadhani ulikuwemo ukutani tangu mwanzo. Alistaafu, mikono ikaanza kutetemeka, lakini jina halikustaafu. Akiitwa barabarani aligeuka kifua mbele, kama mtu anayevishwa nishani.

Nembo yenyewe iko juu ya mlango mkuu wa ukumbi wa jiji, imepakwa rangi ya mafuta kwenye duara la saruji lenye upana zaidi ya mlango wenyewe. Ni ngao. Juu kuna ufunguo umelazwa. Chini, upande wa kushoto, kuna chemchemi, mawimbi matatu ya buluu. Upande wa kulia amesimama korongo mweupe kwa mguu mmoja. Mtu asiyejua lolote angetegemea ndege huyo ayaelekee maji. Hayaelekei. Shingo kaiinamisha kuelekea ukingo wa ngao, kama mtu aliyeitwa nje wakati chakula kimeshapakuliwa.

"Korongo amekwisha kunywa," Mstari huwaambia wageni. "Sasa analinda. Mlinzi wa kweli hakitazami kitu anachokilinda. Hukipa mgongo, akaikodolea macho njia."

Maneno hayo yalianzia mdomoni mwake, yakaingia katika kijitabu cha jiji, na kutoka humo yakahamia kitabu cha darasa la nne. Askari wa jiji walishonewa korongo kwenye kofia. Siku moja Mstari alimwona askari mmoja akiwafukuza kwenye bomba la mtaa akina mama waliokuwa wamehamia majuzi, ndoo zao tupu mikononi, na askari akagonga kofia yake kwa kidole akasema, "Mnamwona huyu? Kazi yake ni kulinda maji." Mstari alivuka upande wa pili wa barabara.

*

Afisa habari wa jiji alifika nyumbani kwake siku ya Jumanne saa nne asubuhi. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye haraka, aliyebeba karatasi nyingi kuliko mikono yake ilivyoweza. Binti wa Mstari, ambaye ni mwalimu wa hilo hilo darasa la nne, alikuwepo kwa kuwa shule zilikuwa likizo. Akampa mgeni kiti kizuri na kumpa baba yake chai.

"Baba, jiji linatimiza miaka hamsini Jumamosi hii," afisa alisema. "Tumeamua maneno yako tuyachonge kwenye jiwe, pale pale chini ya nembo. Korongo amekwisha kunywa, sasa analinda. Na jina lako chini yake."

"Jina langu lipi?"

"Mstari. Nani anakujua kwa jingine?"

Binti alicheka. "Hata mama, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Mstari akikasirika. 'Mstari, mbona leo umepinda?'"

Mzee naye alicheka, akanyanyua kikombe.

"Halafu tumebahatika," afisa aliendelea, akipekua karatasi. "Tumempata mtu mwingine wa enzi hizo. Yule mama aliyekuwa mchora ramani wa manispaa. Bado yuko hai, anakaa nyuma ya stesheni ya zamani. Tutamkalisha karibu na wewe. Ila nilipomuuliza habari za nembo alinijibu kitu cha ajabu. Alisema, 'Muulizeni Mstari. Yeye ndiye anayejua.'"

Chai ilimpalia Mstari. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, binti akampigapiga mgongoni.

"Baba, huyo mama hujawahi kumtaja," binti alisema mgeni alipoondoka.

"Ni mambo ya zamani."

"Wewe? Wewe unayekumbuka bei ya kopo la rangi la mwaka ule wa nembo?"

Mstari alisema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani. Alifunga mlango, akapiga magoti kwa taabu, akavuta kutoka chini ya kitanda bomba la bati lenye kifuniko. Hakulifungua. Alilishika tu, kama mtu anayepima kama kitu bado kina uzito ule ule.

*

Ukweli wa nembo hauchukui nafasi kubwa.

Mji ulipopandishwa hadhi kuwa jiji, mchora ramani ndiye aliyepewa kazi ya kubuni nembo. Alikuwa msichana mwembamba, kalamu sikioni, asiyependa porojo. Alichora ngao, ufunguo, chemchemi, na korongo ameinama kuelekea majini. Mchoro ukashushwa karakana ili Mstari, wakati huo kijana wa miaka ishirini na minne, auhamishie ukutani.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Unatandika mchoro mkubwa juu ya karatasi ngumu ya kaki, unatoboa kwa sindano kufuata mistari, tundu baada ya tundu. Kisha unaibandika ile karatasi ya matundu ukutani na kuipigapiga kwa kifuko cha vumbi la mkaa. Vumbi linapenya, na ukiiondoa unakuta picha ukutani kwa nukta nyeusi, inangoja rangi. Jambo moja ni la kuangalia. Upande ilikoingilia sindano ni laini. Upande ilikotokea una makwaruzo. Makwaruzo yanalala ukutani, ulaini unakuangalia wewe.

Lakini kuna nyakati mafundi hugeuza karatasi kwa makusudi. Wiki ile ile Mstari alikuwa amepaka njiwa wawili wanaotazamana kwenye mlango wa ukumbi wa harusi, njiwa mmoja kwa karatasi iliyonyooka, wa pili kwa karatasi hiyo hiyo imegeuzwa. Siku nzima geuza, nyoosha, geuza. Mkono ukazoea. Na kwa kuwa karatasi za kaki zilikuwa fupi, korongo alikuwa na karatasi yake peke yake. Ngao ilikwenda sawa, ufunguo ulikwenda sawa, chemchemi ilikwenda sawa. Korongo akageuzwa.

Mstari aliligundua kosa hilo alipoteremka kwenye jukwaa la mbao akarudi nyuma hatua kumi, kama wafanyavyo wapaka rangi wote. Rangi ilikuwa imeanza kushika. Wenzake walikuwa wameanza kuling'oa jukwaa, wageni walikuwa waje asubuhi inayofuata. Alitazama, akaomba pazia lishushwe mapema. Alijiambia hakuna atakayeona.

Mkuu wa kazi aliona. Pazia lilipofunguliwa mbele ya wageni, alimwinamia mchora ramani akamuuliza kwa sauti ya chini lakini kali, "Ndege gani huyu anayakimbia maji?"

"Mimi sikumchora hivyo," msichana alisema.

"Mstari! Mchoro ulikuwaje?"

Mchoro ulikuwa ndani ya bomba la bati, karakana, hatua mia moja kutoka pale. Mstari alimtazama mkuu wa kazi, akayatazama mawimbi, akamtazama kila mtu isipokuwa msichana.

"Nilifuata nilivyopewa, mkuu. Mchoro nimekwisha kuurudisha ofisini."

Kisha mgeni wa heshima akauliza kwa nini ndege ameyapa maji mgongo, na Mstari, ambaye ulimi wake siku zote ulikuwa mwepesi kuliko brashi yake, akasogelea kipaza sauti. Korongo amekwisha kunywa, sasa analinda. Watu walipiga makofi. Mgeni wa heshima alimpa mkono.

Mchora ramani aliambiwa amepoteza mchoro wa serikali na amechora kizembe. Alinyang'anywa meza yake na kalamu zake, akapelekwa dirisha la vibali vya mazishi, na huko akagonga mihuri miaka ishirini na tisa, hadi alipostaafu. Kila Mstari alipofiwa, alimtuma mtu mwingine kuchukua kibali. Hata mkewe alipofariki.

*

Alhamisi alioga, akavaa koti, akaliweka bomba kwapani na kwenda nyuma ya stesheni ya zamani. Alipita mlango wa mchora ramani mara mbili akijifanya anatafuta nyumba nyingine. Mara ya tatu sauti ikatoka dirishani.

"Utachimba handaki hapo nje. Ingia."

Chumba kilikuwa kidogo na safi kabisa. Meza, viti viwili, na ukutani rafu ya vitabu vilivyopangwa kwa urefu. Mwenye nyumba alikuwa bado mwembamba. Miwani imekuwa minene, na sikioni, Mstari aliona na moyo ukamlipuka, kulikuwa na kalamu ya risasi.

"Karibu, Mstari. Umezeeka."

"Na wewe, dada."

"Mimi nilikuwa na kazi ya kukaa. Kukaa hakuzeeshi sana."

Alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakayeyuka. Mwishowe alilisukuma bomba juu ya meza. Mchora ramani alilifungua bila haraka. Ilitoka karatasi ya kaki iliyojikunja, na ndani yake mchoro wenyewe, wino bado mweusi, na pembeni sahihi ndogo ya msichana wa miaka ishirini na sita.

Mchoro hakuugusa kwanza. Alichukua karatasi ya matundu, akapitisha kidole upande mmoja, akaigeuza, akapitisha upande wa pili. Kisha akaisogeza dirishani.

"Vumbi la mkaa liko upande wa makwaruzo," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliibandika imegeuka."

"Ndiyo."

"Nilijua siku ile ile. Nani aliyewahi kufanya kazi na ninyi asijue? Lakini nilisema, huyu ni kijana, ameshikwa na woga, kesho atakuja kusema. Nikangoja kesho." Aliikunja karatasi ilivyokuwa. "Nikangoja hadi nikachoka kungoja, nikaanza kukuchukia. Hiyo nayo ikanichosha. Sasa nasoma vitabu."

"Dada, nisamehe."

Mchora ramani alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Ule uongo ulisema wapi?"

"Pale ukumbini."

"Kwa sauti gani?"

"Kwa kipaza sauti."

"Basi mbona msamaha unakuja kuuomba chumbani kwangu, unanong'ona, mlango umefungwa? Unaniona mimi ndoo ya kumwagia maji machafu?"

Mstari aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko. Alikuwa amekuja na kosa moja, na sasa alikuwa na mawili.

"Binti yangu anafundisha yale maneno," alisema. "Kila mwaka. Anawaambia watoto, haya aliyasema baba yangu."

"Na mimi nilikuwa na mama yangu," mchora ramani alijibu. "Alikufa akiamini mwanawe alipoteza kazi ya kalamu kwa uzembe. Mchoro wangu unabaki hapa. Chukua bomba lako na karatasi yako. Jumamosi nitakuja, nimealikwa. Nitakaa nilipopangiwa. Sitasema neno. Wewe ndiye unayejua."

*

Ijumaa alitaka kumwambia binti. Binti alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe, akiimba chini kwa chini, na kila Mstari alipofungua mdomo, binti alisema jambo jingine la furaha. Kwamba wanafunzi wake wamefanya mazoezi. Kwamba mwalimu mkuu ameomba kupiga picha naye. Mara moja mzee alifika mbali kidogo.

"Mwanangu, kama baba yako angekuwa amewahi kuvaa miwani ya mbao..."

"Wewe? Hata kukopa kiberiti kwa jirani unaona haya." Akageuza shati upande wa pili. "Kola hii imekataa kulala."

Basi akanyamaza. Hilo likawa kosa la tatu, na alilala nalo.

Jumamosi viti vilipangwa mbele ya ukumbi chini ya turubai. Jiwe jipya lilikuwa limefunikwa kitambaa. Mstari alikalishwa mstari wa mbele, mchora ramani kushoto kwake, mikono mapajani, ananyamaza kama alivyoahidi. Bomba la bati lilisimama katikati ya magoti ya mzee, na mfukoni mwa koti kulikuwa na kifuko cha vumbi la mkaa alichokisaga mwenyewe asubuhi. Hakuwa na hakika atakitumia. Alikuwa amekileta kama mtu anavyobeba mwavuli, akiomba mvua isinyeshe.

Meya alisema yake. Kisha wanafunzi wa binti yake wakasimama wakakariri kwa sauti moja: "Korongo amekwisha kunywa. Sasa analinda!" Makofi yakavuma. Binti alimtazama baba yake kutoka mwisho wa safu, uso umemjaa fahari, na Mstari akaona angependa ardhi impasukie pale pale kwenye kiti.

"Na sasa," afisa habari alisema, "mwenye maneno yenyewe."

Alipiga moyo konde akaenda. Kipaza sauti kilikuwa kirefu mno, ikabidi akishushe, nacho kikakoroma.

"Haya maneno si ya kweli," alisema.

Watu walicheka. Walidhani ndio mwanzo wa utani wake.

"Sifanyi mzaha. Korongo hajanywa. Halindi chochote. Aligeuka kwa sababu mimi niligeuza karatasi. Nikaulizwa, nikasema nilipewa hivyo. Mama huyu alichora sawasawa, akaadhibiwa yeye. Mchoro wake nilisema nimeurudisha, nao ulikuwa kwangu. Umekaa chini ya kitanda changu miaka hamsini. Maneno mliyoyasikia niliyatunga pale pale, nijifiche nyuma yake."

Kicheko kilikatika vipande vipande, wengine wakakiacha mapema, wengine wakachelewa. Meya aliinuka, akamshika bega kwa upole.

"Mzee wetu amechoka. Jua kali hili. Tumpigie makofi."

Wachache walipiga. Na hapo Mstari akaona njia wazi kabisa ya kutokea. Angerudi kwenye kiti, angesemwa ni uzee, jiwe lingefunuliwa, binti angempa maji. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa fundi wake.

Alilitoa bega lake mkononi mwa meya. Akalifungua bomba, akaitoa karatasi ya kaki, akaenda kwenye ukuta mweupe kando ya mlango, ambao jiji lilikuwa limeupaka chokaa juzi tu. Akaibandika kwa viganja. Pembe moja ikajikunja, akaishika, ya pili ikajikunja. Mikono miwili haikutosha. Alihangaika pale mbele ya jiji zima, jasho linamtiririka, karatasi inamrudia usoni kama kitu kilicho hai.

Akasikia kiti kikisogezwa. Mchora ramani alikuja pole pole, akaitazama karatasi.

"Upande huo, Mstari?" aliuliza. "Tena?"

Alitazama. Makwaruzo yalikuwa yanamwangalia yeye. Alikuwa ameigeuza vile vile, kwa mkono ule ule.

Hakuna aliyecheka. Mchora ramani aliibandua, akaigeuza, akazishika pembe mbili za juu kwa vidole vyembamba. "Haya. Piga."

Mstari alitoa kifuko akapiga. Vumbi likaruka, likaingia puani, likalichafua lile shati lenye kola iliyokataa kulala. Walipoibandua karatasi, korongo alikuwa pale kwa nukta nyeusi, mdogo kuliko alivyomkumbuka, ameinama, shingo imeshuka kuelekea kushoto, mdomo karibu kugusa maji ambayo hayakuwepo. Watu walimtazama, wakainua macho kwa yule wa juu, wakamrudia wa chini.

Meya alimnong'oneza afisa habari. Kitambaa kilibaki juu ya jiwe.

Msichana mmoja wa darasa la nne alivuta sketi ya mwalimu wake. "Mwalimu, kwa hiyo anafanya nini sasa?"

Mstari alimtazama binti yake. Binti hakumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na taya lilikuwa limekaza vile vile kama la marehemu mama yake alipokuwa akisema mbona leo umepinda.

"Msimuulize baba yangu," binti alisema. "Muulizeni huyo mama. Ndiye aliyemchora."

Watoto wakamgeukia mchora ramani. Yeye aliifuta mikono mkaa, akasogeza miwani. Miaka hamsini hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Ana kiu," alisema. "Basi. Korongo si wa hapa, huja kutoka mbali. Hata waliojenga nyumba za kwanza hapa hawakuwa wa hapa. Walikuwa wachovu, wakamwona ndege mgeni anakunywa na hakuna anayemfukuza, wakasema, basi na sisi tunaweza kunywa. Nilitaka kila anayefika hapa amwone akinywa."

Mmoja wa askari waliokuwa wakilinda kamba ya kuzuia umati alivua kofia yake na kuitazama mbele, pale paliposhonewa ndege.

Mstari alisimama kando, bomba tupu mkononi. Alingoja ajisikie mwepesi, kama alivyosoma kwamba hutokea mtu akisema kweli. Hakuona wepesi. Aliona mama aliyegonga mihuri miaka ishirini na tisa akiwaeleza watoto habari za ndege kwa ufasaha ambao jiji lilikuwa limejinyima, na akajua ni nani aliyelinyima.

Watu walipoanza kutawanyika alimsogelea binti yake. Binti alikuwa anawapanga wanafunzi wawili wawili. Bila kugeuka alitoa leso akampa.

"Jifute uso," alisema. "Umejaa mkaa."

Aliipokea. Hakuthubutu kusema ahsante.